Jivuge kwa Ulichotenda

Mwanamke anayeteremka kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, alfajiri na beseni la nyanya kichwani huwa ameshakuwa watu kadhaa kabla jua halijapanda. Nyumbani ameaga kwa Kinyarwanda, na hapo mtaani anaitwa mama fulani, kwa jina la kifungua mimba wake. Kwa afisa wa uhamiaji yeye ni tarakimu 16 za kitambulisho. Akishavuka Mto Rusizi kuingia Kongo anakuwa mama wa nyanya, kwa Kiswahili cha Bukavu, na mteja wa siku nyingi akitaka kupunguziwa bei humsemesha kwa Kishi, naye humjibu kwa Kishi hichohicho kwamba bei haishuki. Jioni, kwenye kikundi cha akiba, ndiye mweka hazina, na daftari halifunguliwi kabla hajafika.

Muulize yupi kati ya hao ndiye yeye hasa. Atakutazama kidogo, kisha atakuuliza kama unanunua nyanya au hununui.

Wanaosumbuliwa na swali hilo ni vijana wake. Wamesikia kwenye semina, kwa wahubiri na kwenye video za simu kwamba ndani ya kila mtu kuna nafsi moja ya kweli iliyojificha, na kwamba ukishaifukua maisha yatanyooka. Basi wanajichunguza. Wakiona wanaongea hivi nyumbani na vile sokoni, wanajiona wanafiki. Mimi siuamini ushauri huo, na kwa mtu wa mpakani nauona una madhara. Kigali iko mbali, safari ya saa 5 au 6 za basi kupitia msitu wa Nyungwe, ilhali Bukavu unaiona ukiwa umesimama mlangoni kwako. Ukifika Kigali wanacheka lafudhi yako na kukuuliza kama wewe ni Mkongomani. Ukivuka Bukavu wewe ni Mnyarwanda, na kuna misimu neno hilo hutamkwa kwa sauti usiyoipenda. Mpaka wenyewe ulipangwa Brussels mwaka 1910 na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waliokaa mezani mbali sana na Ziwa Kivu. Hata jina la mahali limebadilika: mkoa wa Cyangugu ulivunjwa mwaka 2006 ikazaliwa wilaya ya Rusizi, na wazee bado wanasema Cyangugu. Mtu aliyekulia hapa akianza kujitafutia nafsi moja isiyogeuka, atazeeka akitafuta.

Ninachokushauri ni kazi nyingine kabisa. Utambulisho unaoweza kukusogeza mbele ni ule unaoonekana katika mambo unayoyatenda tena na tena, na katika watu wanaokutegemea uyatende. Huo unaweza kuuhesabu na kuukuza, na ukiona umekwama unaweza kuubadilisha. Yaliyobaki mengi ni lebo. Zipo nzuri na zipo mbaya, na karibu zote zilibandikwa na mtu mwingine.

Nani aliibandika?

Kuhusu lebo, Mnyarwanda hahitaji mwalimu wa kutoka nje. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kugawa vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mwaka 1994 karatasi hiyohiyo ilitosha kumfanya mtu auawe kwenye kizuizi cha barabarani. Baada ya mauaji ya kimbari kipengele hicho kiliondolewa, na kitambulisho cha leo hakikitaji. Ukiwauliza wazee habari za koo, watakwambia jambo ambalo vile vitambulisho havikuwa na nafasi ya kuliandika: Abasinga, Abazigaba, Abagesera na koo nyingine zilikuwa na watu wa makundi yote matatu.

Wanafunzi wa Nyange walikataa lebo pale ilipokuwa vigumu kuliko popote. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia katika shule yao ya sekondari, katika wilaya ambayo leo ni Ngororero, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa hapohapo. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, ngazi ya Imena, wanaokumbukwa kila tarehe 1 Februari. Sikutajii habari hii ili ujilinganishe nao. Nataka uone kwamba watoto wa shule, wakiwa na muda mfupi sana wa kufikiri, waliweza kutofautisha kati ya jina walilobandikwa na wanachokubali kukijibia.

Lebo za siku zote hazimwagi damu, lakini huingia mwilini polepole. Makundi ya ubudehe yaliwekwa ili ijulikane kaya ipi inahitaji msaada. Hayatumiki tena kama zamani, na bado utamsikia mtu mzima akisema yeye ni wa kundi la kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Kundi lile lilieleza hali ya kaya katika wakati fulani tu. Halikusema lolote kuhusu anachoweza kukifanya yule binti wa kaya hiyo anayejua bei ya kila kitu kuanzia soko la Kamembe mpaka lile la Kadutu, Bukavu.

Au tazama Kiswahili. Wakati wa ukoloni Waislamu na wachuuzi wa mijini walitengewa mitaa yao, kama Biryogo kule Kigali, wakaitwa Waswahili, na jina hilo likabeba sifa ya ujanja na utapeli. Miaka mingi mtoto aliyejua Kiswahili vizuri alikificha akifika shule ya bweni. Rwanda ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi kisheria, na mwaka 2022 Kongo nayo ikajiunga na Jumuiya. Mtoto wa Kamembe aliyekuwa akichekwa bwenini leo ana kitu ambacho wenzake wanalipia kozi ili wakipate. Yeye ni yuleyule. Kilichobadilika ni soko la kile alichokuwa nacho siku zote.

Kwa hiyo fungua daftari. Upande wa kushoto andika kila neno ambalo watu wamekuita tangu utotoni: mpole, mzito, mtoto wa mlevi, mwerevu wa familia, mtu wa porini, Mkongomani, mzee wa kanisa mtarajiwa. Upande wa kulia andika nani alilisema kwanza, na siku hiyo alikuwa anataka nini. Usiruke maneno ya sifa, kwa sababu nayo hufunga. Aliyeitwa mwerevu akiwa na miaka 7 huweza kufika 30 bado anakwepa kila jambo linaloweza kumwonyesha kuwa hajui. Utakuta maneno fulani yanayokuongoza mpaka leo yalisemwa mara moja tu, tena na mtu aliyekuwa na hasira za mambo yake.

Kama wazazi wako walirudi kutoka Kongo, Burundi au Tanzania, kwenye orodha hiyo pengine limo neno la kwamba wewe si wa hapa. Basi mfikirie sambaza: samaki huyu, ambaye hakuna anayebisha kwamba ni wa Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kule wanamwita lumbu. Leo mitumbwi hutoka kila jioni, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na familia nyingi za ufukweni zinakula kwa sababu yake. Kuwa wa mahali hujengwa kwa kulisha watu wa mahali, na hilo unaweza kulianza wiki hii.

Jina lako

Muulize mzazi au shangazi ni nani aliyekupa jina na mwaka huo kulikuwa na nini. Kwa Wanyarwanda jina ni la mtu mwenyewe: ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa Habimana, Hakizimana na Mukamana, na mgeni asijue kama ni ndugu. Kwa desturi jina hutolewa siku ya nane. Watoto wa jirani huitwa, hulishwa, na kila mmoja humpendekezea mchanga jina, kisha wazazi hutoa lao. Kwa hiyo kabla hujatamka neno lolote ulikuwa tayari na majina kadhaa, na lililoshinda lilikuwa la wenye nyumba.

Majina hayo hubeba mambo. Mengi yanamtaja Mungu. Mengine ni kilio cha mtoto aliyetangulia kufa, au kijembe kwa jirani. Anayeitwa Bangamwabo anabeba lawama kwamba watu fulani wanawachukia wa kwao, na lawama hiyo ni ya watu wazima waliogombana kabla yeye hajazaliwa. Ukijua asili ya jina lako, utajua pia ni mzigo gani unaoweza kuutua. Si lazima ulibadilishe. Inatosha ujue kwamba ugomvi ule haukuwa wako.

Kuna jambo la karatasi pia, nalo nalisisitiza kwa sababu limewachelewesha wengi. Fomu za nje huuliza jina la ukoo, nasi kwa desturi hatuna. Chagua mpangilio mmoja, lipi linatangulia na lipi linafuata na herufi zake, kisha utumie huohuo kwenye cheti cha shule, benki, pasipoti na simu ya pesa. Anayejiita hivi benki na vile chuoni atakuja kuthibitisha mbele ya karani kwamba yeye ni yeye, na karani hana haraka.

Majigambo yenye ushahidi

Sasa zoezi lenyewe. Mitandao imejaa majaribio ya kupima haiba: unajibu maswali, unapewa herufi nne au rangi, unafurahi siku mbili. Rwanda ilikuwa na chombo bora kuliko hicho. Mashujaa wa majeshi ya wafalme walitunga ibyivugo, tungo za kujivuga, na mpaka leo vijana wanafundishwa kuzighani kwenye sherehe na kwenye mafunzo ya itorero. Anayejivuga haishii kusema kwamba yeye ni jasiri. Anataja alipokuwa, alichofanya, silaha aliyoshika na waliomwona. Kwa Kiswahili tungeziita majigambo, na kweli chumvi ilikuwamo. Lakini umbo lake ni zuri sana kwa mtu anayetaka kujitambua, kwa sababu haliishii kwenye vivumishi.

Tuseme wewe ni dada wa miaka 24. Umemaliza sekondari, huna kazi ya mshahara, unamsaidia mama biashara. Mtu akikuambia ujieleze, utaandika yale yaliyozoeleka: mchapakazi, mbunifu, anayejiamini, mwenye uwezo wa kufanya kazi na watu. Futa yote. Andika kila mstari ukianza na kitenzi cha wakati uliopita, na ndani yake pawepo mahali, au angalau mtu anayeweza kuulizwa kama ni kweli. Itakuwa hivi:

Nilidai faranga 40,000 kwa mteja wa Bukavu bila ugomvi. Akalipa kwa awamu, na bado ananunua kwetu.

Nilipanga chakula cha msiba wa jirani, watu wakala wote, na mwisho nikasoma hesabu mbele ya familia.

Nilimsaidia mdogo wangu hesabu za desimali mpaka akavuka mtihani wa mwisho wa msingi.

Niligundua mama analipa usafiri mara mbili kwa mzigo mmoja, nikazungumza na mwenye baiskeli.

Endelea mpaka ukaukiwe, kisha lala, kesho uongeze. Mistari ya mwanzo huja ile ya kujionyesha. Ya maana huja baadaye, ile uliyokuwa unaidharau kwa kuwa imekuwa rahisi kwako. Watu wengi hawaandiki jambo wanaloliweza zaidi, kwa sababu hawakumbuki kulitolea jasho.

Ukimaliza, soma vitenzi peke yake. Katika mfano huu kuna kudai, kupanga, kusoma hesabu, kugundua. Huyu dada alikuwa anajiita "niko nyumbani tu". Kumbe ni mtu wa fedha za watu wengine, anayeaminiwa nazo na anayeweza kuzizungumzia bila kuvunja uhusiano. Ni watu wachache wenye uwezo huo. Hakuna jaribio la rangi ambalo lingemwambia hivyo, wala asingeliona hilo kwa kujifungia chumbani na kujiuliza yeye ni nani.

Usitie chumvi. Wa zamani walikuwa na ruhusa ya ushairi. Wewe unaandika kitu utakachokitegemea.

Waulize wengine, lakini usiwaulize hivyo

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mraba wenye vyumba vinne: kile unachokijua juu yako na wengine wanakijua, kile unachokijua peke yako, kile wanachokiona wenzako nawe hukioni, na kile ambacho hakuna anayekijua. Chumba cha tatu ndicho cha thamani, na huwezi kukiingia peke yako.

Tatizo la kwetu ni adabu. Ukimuuliza Mnyarwanda "unanionaje?", atakwambia uko sawa kabisa. Hataki kukuumiza, na pia tumefundishwa kuweka mambo moyoni. Rafiki wa Bukavu atakwambia kweli, na pengine atakuongezea ambazo hukuziomba. Kwa hiyo badilisha swali. Uliza: "Mara ya mwisho uliponihitaji, ulinihitaji kwa jambo gani?" Kisha: "Ni jambo gani usingenipa hata nikiomba?" Swali la pili linauma. Liulize ukiwa umekaa, na jibu likija usijitetee. Chagua mtu wa nyumbani, mtu wa upande wa pili wa mto, na mtu mliyewahi kukosana. Wakikubaliana juu ya jambo moja wakati hawajuani, jambo hilo ni lako, upende usipende.

Mwanasaikolojia aliyelifanya suala la utambulisho kuwa somo alijua habari za kuonwa tofauti na kila upande. Erik Erikson alizaliwa Frankfurt mwaka 1902. Mama yake alikuwa Myahudi wa Denmark, na baba aliyemzaa hakumjua maisha yake yote. Alikua akitumia jina la baba wa kambo, Homburger. Kwenye sinagogi wenzake walimwona mgeni kwa nywele zake za dhahabu, na shuleni Wajerumani walimwona Myahudi. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajiita Erikson, kana kwamba ni mwana wake mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 na vilivyofuata alieleza kwamba mtu hupata utambulisho anapoweza kuunganisha alivyokuwa na anavyokuwa, na watu wanaomzunguka wakautambua muunganisho huo. Hilo la pili husahaulika. Unaweza kujitangaza fundi, lakini fundi ni yule ambaye watu wamemletea kazi kisha wakarudi.

Mpaka unapofungwa

Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake kwa sababu ya korona. Wanawake waliokuwa wakivuka kila siku waliamka hawana kazi, na kwa wengine haikuwa kazi tu: aliyekuwa anajulikana kama mama wa Bukavu hakujua ajiite nani. Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, wasiwasi uleule ulirudi.

Ndiyo maana ninasisitiza vitenzi. Aliyejitambua kwa mahali, "mimi ni mfanyabiashara wa Bukavu", mahali pakifungwa hubaki mikono mitupu. Aliyejitambua kwa tendo, "mimi najua kununua kinachooza haraka na kukimaliza kabla hakijaoza", anaweza kulihamishia tendo hilo kwenye soko la Kamembe, kwenye mchele wa Bugarama, au kwenye maziwa. Sisemi ni rahisi. Mtaji ukishaliwa umeliwa, na kujitambua hakurudishi mtaji. Lakini kati ya watu wawili waliopoteza mtaji uleule, anayejua alichokuwa anakifanya kwa undani huanza na nusu ya safari.

Jipime basi kabla ya shida kuja. Chukua kile unachojiita, kisha ondoa mahali, mwajiri na sare. Kiwanda cha saruji kule Bugarama kikikuacha, au shamba la chai la Shagasha likikupunguza, ni kitenzi gani unatoka nacho getini? Kama hupati hata kimoja, usivunjike moyo. Umeshajua ni kitu gani cha kutafuta ukiwa bado unalipwa.

Lugha nazo zipime vivyo hivyo. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa mashuleni, ndiyo maana katika nyumba nyingi kaka mkubwa anaandika Kifaransa na mdogo wake anaandika Kiingereza, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye msomi. Kuorodhesha lugha tano kwenye wasifu wa kazi hakumwambii mtu kitu. Andika unachoweza kukifanya kwa kila moja: kwa Kiswahili ninapatana bei na kuandika risiti, kwa Kishi ninasalimu na kupoza ugomvi, kwa Kifaransa ninasoma barua ya forodha, kwa Kiingereza ninajaza fomu lakini kwenye simu nababaika. Hapo unaona pengo moja la kuziba, badala ya kuamka kila Januari ukiapa kujifunza Kiingereza chote.

Mhigo mmoja

Mwaka 2006 mameya wa Rwanda walianza kusaini imihigo mbele ya rais: wanasema watafanya nini, kiasi gani, mpaka lini, kisha wanapimwa. Ni desturi ya zamani ya kuapa hadharani iliyopewa karatasi. Mtu binafsi anaweza kuitumia, ila asiitumie kama wilaya. Wilaya ina mambo kadhaa kwa mwaka. Wewe chukua moja, kwa miezi mitatu, na lichipuke kwenye kitenzi ulichokikuta kwenye majigambo yako. Dada yetu wa miaka 24 asiweke mhigo wa kuwa mjasiriamali. Aweke wa kushika daftari la hesabu za wafanyabiashara wawili wa mtaani, kila Jumapili jioni, kwa malipo madogo, na kila mwezi awaonyeshe faida yao kwa maandishi. Miezi mitatu ikiisha ana watu wawili wanaomtambua kwa kazi hiyo. Akienda SACCO ya kata (umurenge) kuomba nafasi, ana madaftari ya kuweka mezani.

Shahidi wa mhigo wako asiwe mtu anayekuogopa, wala mama yako. Mama atakusamehe mapema mno.

Na nikiwa hapohapo kwa mama na baba. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia aliwagawa vijana katika hali nne kufuatana na kama wamewahi kupima njia mbalimbali na kama wameshika mojawapo. Mimi huona moja kati ya hizo ndiyo yenye kazi zaidi hapa kwetu: ya kijana aliyeshika njia bila kupima chochote, kwa kuwa alipewa. Baba alikuwa afisa wa chai, na yeye lazima awe. Kijana huyo huonekana ametulia, wazazi humsifu, na mara nyingi kweli anaendelea vizuri mpaka siku njia ile inapoziba. Mzazi unayesoma, ukitaka mwanao afuate nyayo zako, mwache kwanza msimu mmoja akafanye kitu usichokijua wewe. Akirudi kwenye chai atakuwa ameichagua. Asiporudi, utakuwa umeokoa ada ya chuo.

Kijana naye asiugeuze msimu wa kupima kuwa makazi. Ukikuta unaanza kitu kipya kila baada ya wiki chache, na kila mara unasema bado unajitafuta, rudi kwenye mistari yako uone kama kuna hata mmoja ulioongezeka tangu mwaka jana.

Siku moja utakaa mbele ya watu watatu Kigali, kwenye usaili, na wataanza kwa kusema ujieleze. Waombaji watakaokutangulia watataja vivumishi. Wewe chagua mistari miwili ya majigambo yako, ile inayokaribiana na kazi inayotangazwa, uitaje na mahali na mashahidi wake, kisha unyamaze uwaachie nafasi ya kuuliza. Wakikuuliza unatoka wapi, usijibu Rusizi kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Taja Nkanka, Bugarama au Kamembe, na utaje kitu ulichojifunza hapo ambacho ofisi yao haina. Na mmoja wao akitaka kujua, kwa mzaha, kama basi wewe ni Mkongomani, muulize kwa adabu wanauza nini Bukavu, na nani anawauzia.